Mbao Nzima na Mbao za Matabaka: Uhakiki wa Istilahi za Sakafu

Istilahi za ujenzi wa nyumba hazijapata uangalizi unaolingana na uzito wake. Tumejishughulisha sana na msamiati wa sheria, wa sayansi na wa utawala, na kazi hiyo ilistahili kufanywa. Lakini neno linalomgharimu mwananchi fedha nyingi kuliko yote huenda likawa lile analolisoma katika karatasi ya bei siku anapomalizia nyumba yake. Makala haya yanakusudia kuhakiki fungu dogo la maneno hayo, yaani yale yanayotumiwa kutofautisha aina za mbao za kutandika sakafuni.

Kabla ya kufika kwenye mbao, yafaa kulitazama neno sakafu lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, ambako maana yake ni paa au dari. Wajenzi wa pwani walilipokea kwa sababu katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, dari ya chumba cha chini ndiyo iliyokuwa sakafu ya chumba cha juu: boriti za mikoko zilipangwa, mawe yakalazwa juu yake, kisha chokaa na kokoto vikapondwapondwa mpaka vikashikana. Kusakifu kulikuwa kufanya kazi hiyo ya mawe na chokaa. Masikioni mwa wajenzi wale, sakafu ya mbao ingekuwa karibu sawa na ukuta wa nguo. Neno limepanuka, na kupanuka huko hakukumdhuru mtu, kwa kuwa hakuna anayenunua sakafu kwa jina tu bila kueleza ni ya kitu gani.

Mambo ni tofauti kwa neno marumaru. Hili lilikuwa jina la jiwe. Leo madukani mwetu nchini Tanzania kigae cha udongo uliochomwa kiwandani huitwa marumaru, na yule anayelitaka jiwe lenyewe hulazimika kuongeza maneno ili aeleweke. Jina la kitu cha thamani limehamia kwenye kitu cha bei nafuu kilichofanana nacho kwa sura. Nataja mfano huu kwa sababu njia hiyo hiyo ndiyo inayofuatwa sasa na neno mbao, na safari hii hasara yake ni kubwa zaidi.

Vitu tunavyovizungumzia ni vitatu. Cha kwanza ni ubao uliopasuliwa kutoka kwenye gogo na kupigwa randa, ambao ni mti ule ule kutoka juu mpaka chini: mninga, mvule, mkongo, msaji, au muhugu, mti ambao vipande vyake vidogo vilitandikwa katika nyumba nyingi za zamani za Afrika Mashariki kwa mtindo uitwao parke. Cha pili ni ubao wa kiwandani wenye uso wa mti mgumu uliobandikwa kwa gundi juu ya matabaka mengine ya mti, kila tabaka likikingama na mwenzake. Gustaf Kähr wa Uswidi alipata hataza ya sakafu ya namna hiyo mwaka 1941. Cha tatu, kilichobuniwa pia Uswidi mwaka 1977, ni lamineti: nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa, juu yake karatasi yenye picha ya mti, na juu ya karatasi utando mgumu wa plastiki.

Majina yanayotumika kwa vitu hivi hayalingani na tofauti zake. Jina lililoenea kuliko yote ni mbao halisi. Kasoro yake ni kwamba linagawa vitu kwa ukweli na uongo badala ya kuvigawa kwa jinsi vilivyofanyizwa. Ubao wa matabaka nao ni mbao. Uso wake ni mninga wa kweli kama mninga wowote. Tukiuita wa kwanza halisi, tunamwambia mnunuzi kwamba wa pili ni bandia, jambo ambalo si kweli. Tena, muuzaji wa lamineti naye anaweza kulitumia neno hilo hilo bila kusema uongo wa wazi, kwa kuwa nyuzi zilizoshindiliwa zilitoka mtini.

Si jambo la kuwazia tu. Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alitumia sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kununua kile kilichoandikwa katika hati ya mauzo "mbao halisi, rangi ya mninga". Baada ya miaka michache, uso ulipokwaruzika, alimwita fundi aje aupige msasa na kuutia vanishi upya, kama alivyoona ikifanywa katika nyumba ya serikali aliyopata kuishi. Mashine ilipopita mara ya kwanza tu, picha ya mninga ilitoweka na unga wa hudhurungi ukajitokeza. Muuzaji alijibu kwamba unga huo ni wa mti, na kwamba hati ilitaja rangi ya mninga, haikutaja mninga. Kwa maneno yalivyoandikwa, sijui hakimu angeweza kumtia hatiani kwa msingi gani.

Wako wanaojaribu kusahihisha hali hii kwa kufungua kamusi na kutafsiri neno kwa neno. Matokeo yake ni mbao mango na mbao ya kihandisi. Mango ni istilahi nzuri ya fizikia, nayo hutenga hali moja ya maada na hali za kimiminika na gesi. Lakini mbao zote ni mango, lamineti ikiwemo, na hata saruji iliyo chini yake. Seremala akiambiwa achague mbao mango atauliza, na ana haki ya kuuliza, ni nani aliyewahi kumletea mbao ya majimaji. Mbao ya kihandisi nayo ina kasoro ya upande wa pili. Haielezi chochote juu ya kitu chenyewe, ila humpamba, kana kwamba mhandisi ameketi na kuupigia hesabu kila ubao. Mtu akisikia jina hilo hawezi kukisia kwamba ndani mna gundi na matabaka, na hilo ndilo jambo la kwanza alilopaswa kulijua.

Napendekeza ubao mzima kwa kitu cha kwanza na ubao wa matabaka kwa cha pili. Najua pingamizi litakalotolewa: kwamba "mbao nzima" kwa baadhi ya mafundi ni ile ambayo haijakatwa urefu wake. Pingamizi hilo lina uzito, lakini maana hizo mbili hazigongani katika sentensi moja kwa urahisi, na mahali zinapogongana fundi anaweza kusema "mbao ya urefu kamili". Nililifikiria pia jina "mbao ya kupasua", ambalo ni la mafundi wenyewe na lina ladha ya kazi. Nimeliacha kwa sababu tabaka la kati la ubao wa pili mara nyingi hufanywa kwa vipande vya msonobari vilivyopasuliwa vile vile.

Hapo kwenye tabaka la kati ndipo penye hatari ambayo waundaji wa istilahi hawajaiona. Njia rahisi ni kuliita kiini. Lakini kwa seremala na mpasua mbao, kiini ni ile sehemu ya ndani ya mti, nyeusi zaidi na ngumu zaidi, ambayo katika mvule, mninga na msaji huwashinda mchwa, tofauti na mbao nyeupe ya nje ambayo huliwa. Mnunuzi akisoma kwamba sakafu yake ina "kiini cha msonobari" atadhani amepewa sehemu bora ya mti, hali amepewa mti laini ambao, usipotiwa dawa, mchwa huufurahia; naye hatauona, kwa kuwa uso wa mninga utabaki mzuri huku tumbo likiliwa. Tuseme tabaka la kati, basi. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayadanganyi.

Uso nao unahitaji kuimarishwa kama istilahi. Wengine husema ganda, neno linaloashiria kitu cha kumenywa na kutupwa. Ni katika uso ndimo umri wa sakafu ulimo, kwa maana kila msasa huula kidogo. Viwango vya Ulaya haviruhusu ubao wa matabaka kuitwa parke iwapo uso wake una unene wa chini ya milimita 2.5. Huo ni mfano mwema wa istilahi iliyofungwa kwa kipimo, na taasisi zetu za viwango, ile ya Tanzania iliyoundwa mwaka 1975 na ile ya Kenya iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, zingeweza kushirikiana na mabaraza ya lugha katika jambo kama hili.

Kipimo hicho hufichua udanganyifu mwingine ulio ndani ya neno unene. Ubao mzima wa milimita 20 huonekana kuushinda mbali ubao wa matabaka wenye uso wa milimita 4. Hata hivyo ubao mzima huo huunganishwa na jirani yake kwa ulimi na mfuo, na msasa ukifika kwenye ulimi sakafu imekwisha. Mbao iliyo juu ya ulimi ni kama milimita 6 tu. Tofauti ya kweli basi ni kati ya 6 na 4, si kati ya 20 na 4, na hati ya mauzo isiyotaja uso haijataja kitu.

Kwa upande wa pili, jina ubao wa matabaka linaeleza faida yake bila kuisifu. Ubao hunywa unyevu wa hewa ukavimba, na ukiutoa husinyaa. Mabadiliko hayo ni makubwa katika upana na madogo mno katika urefu. Matabaka yakikingamana, kila moja humzuia mwenzake asitanuke. Ndiyo sababu anayejenga Dar es Salaam au Mtwapa, juu ya saruji, na kutaka mbao pana, nitamshauri achukue za matabaka, mradi tabaka la kati limetiwa dawa. Anayejenga Iringa au Tabora, karibu na mninga uliokaushwa vizuri na fundi anayejua kazi, sioni kwa nini anyimwe ubao mzima, ambao watoto wake watakuja kuukarabati.

Nimesema "uliokaushwa vizuri", na neno kavu ni tatizo jingine. Katika mabohari mengi kavu ni mbao isiyolowesha mkono. Kwa sakafu haitoshi: ukavu hutajwa kwa asilimia, uzito wa maji ukilinganishwa na uzito wa ubao ulionyimwa maji yote, na mbao iletwe chumbani ikae humo kabla ya kupigwa msumari. Pendekezo langu ni kwamba kavu liachwe kwa mazungumzo ya kawaida, na katika mikataba liandikwe neno unyevu likifuatwa na tarakimu.

Ama lamineti, sioni haja ya kuitafutia jina la Kiswahili lenye neno mbao ndani yake. Ibaki lamineti, katika ngeli ya I-ZI, na hati ziitaje hivyo peke yake.