Uzuri wa Mkakasi: Uhakiki wa Hoja ya Mboga za Pakiti

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti. Darasani tumezoea kuifafanua methali hii kwa watu: mtu mwenye sura ya kupendeza na tabia mbaya. Katika insha hii nitairudisha kwenye maana yake ya juu juu, ile tunayoipita haraka. Mkakasi ni kijikasha cha mapambo. Ni kifungashio. Anayekiona kwa nje hajui kilichomo ndani, na anayekiuza anategemea hivyo.

Hoja ninayokusudia kuihakiki ni hii: mboga ikifungwa vizuri hudumu, ikidumu hailiwi na takataka, kwa hiyo pakiti ni rafiki wa chakula. Nimeisikia hoja hii katika mjadala wetu kuhusu marufuku ya plastiki. Itakumbukwa kuwa Agosti 2018 amri ya Rais ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza, kuhifadhi, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki nchini Burundi, ikatoa muda wa miezi 18, na Februari 2020 ikaanza kutekelezwa. Mwenzetu mmoja alisimama akasema kwamba tumelinda mifereji yetu lakini tumeoza nyanya zetu; kwamba nchi zilizoendelea hufunga kila tango peke yake, na sisi bado tunapanga mboga chini kwenye gunia. Wengi walipiga makofi. Mama yangu huuza lengalenga na nyanya sokoni Buraza, kwa hiyo sitajifanya kwamba sina upande katika jambo hili. Lakini hoja haikosolewi kwa uchungu. Inakosolewa kwa kuipima.

Kwanza tuipe haki yake. Mboga iliyochumwa haijafa. Inaendelea kupumua na kupoteza maji, na maji yakipungua inanyauka. Karatasi nyembamba ya plastiki huzuia maji hayo yasitoke haraka. Tango lililofungwa hivyo hubaki gumu siku nyingi kuliko tango lililo wazi, hasa likisafiri mbali. Huu ni ukweli, na anayepinga plastiki kwa kuukana ukweli huu anajipunguzia heshima mwenyewe.

Hata hivyo, ukweli huo una sharti ambalo wenzetu hawalitaji, nalo ni baridi. Plastiki huzuia maji, haizuii joto. Mboga iliyofungwa ikikaa mahali penye joto hutoa jasho ndani ya pakiti, matone yakaganda ukutani, na ukungu ukapata makao. Ulaya pakiti ni sehemu moja tu ya mnyororo: ghala la baridi, lori la baridi, kabati la baridi dukani, friji jikoni. Ondoa mnyororo huo, pakiti inabaki chungu cha kuvundikia. Katika nchi yetu ni karibu mtu mmoja tu katika kumi mwenye umeme nyumbani, na wenye friji ni wachache zaidi ya hao. Kuchukua plastiki ya watu bila kuchukua baridi yao ni kununua mkakasi.

Tena, hata huko penye baridi hoja yenyewe haikusimama vizuri. Mwaka 2022 shirika la WRAP la Uingereza lilitoa matokeo ya utafiti kuhusu mazao matano: tufaha, ndizi, brokoli, tango na viazi. Lilikuta kwamba kwa sehemu kubwa pakiti haikuongeza maisha ya mazao hayo kwa kiasi cha kujivunia, na kwamba kilicholeta tofauti kubwa ni friji yenye baridi ya kutosha. Likakadiria kuwa kuuza mboga na matunda bila pakiti na bila tarehe kungeweza kuokoa takriban tani 100,000 za chakula kinachotupwa majumbani kwa mwaka. Sababu si ngumu kuelewa. Pakiti humlazimisha mnunuzi kubeba zaidi ya anachohitaji. Mwenye haja ya karoti mbili anachukua kilo, mbili zinaingia chunguni, na zilizobaki zinasubiri siku ambayo haifiki.

Hapa naomba msomaji anisamehe nitoe mfano mdogo wa kwangu. Mwaka jana sisi wanafunzi wanne tuliopanga chumba kimoja Bujumbura tulichanga pesa, nikatumwa kununua mboga. Siku hiyo mvua ilinyesha, nikaona uvivu wa kwenda sokoni, nikaingia supamaketi moja. Nilinunua karoti zilizopangwa kwenye sinia jeupe la povu na kufunikwa plastiki. Za juu zilikuwa nyekundu, nyoofu, zimeoshwa. Tulipofungua nyumbani, za chini tatu zilikuwa zimelainika na kutoa ute. Sikuweza kuzigeuza dukani, sikuweza kuzibonyeza, sikuweza kumwambia mtu aniondolee ile. Kwa bei ile ile sokoni ningepata karoti mara mbili, zenye udongo, nilizozichagua kwa mkono wangu.

Najua nitajibiwa kwamba hata sokoni kuna udanganyifu. Ni kweli. Fungu la nyanya lina ufundi wake: nzuri juu, zilizopondeka chini. Hata mama yangu ninamfahamu. Lakini kuna tofauti kati ya fungu na pakiti. Fungu linaweza kujadiliwa. Mteja anasema, "Mama, ondoa hii, niwekee ile," au "Nigawie nusu, leo niko peke yangu," na akishakubaliwa anaomba nyongeza. Fungu lina mwenyewe aliyekaa nyuma yake, ambaye kesho utamkuta pale pale. Pakiti haina wa kuzungumza naye. Badala ya mtu ina maandishi, nasi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuyasoma maandishi hayo kama tunavyosoma matini nyingine yoyote.

Matini ya pakiti ni fupi: jina, uzito, bei na tarehe. Neno zito ni tarehe. Wenye taaluma ya chakula hutofautisha tarehe za aina mbili. Ya kwanza husema chakula ni "bora kabla ya" siku fulani. Hiyo inahusu ubora, na baada yake chakula bado kinaweza kuliwa. Ya pili husema "kitumike kabla ya" siku fulani. Hiyo inahusu usalama, na baada yake kuna hatari. Sasa sikiliza jinsi tunavyosema sisi. Iwe ya kwanza au ya pili, tunasema "imeekspaya". Neno moja limemeza maana mbili. Pakiti zenyewe huandikwa Kifaransa au Kiingereza, na anayezinunua anafikiri kwa Kirundi au Kiswahili. Kwa hiyo karoti ngumu, tamu, isiyo na doa, inatupwa kwa sababu namba iliyochapwa juu yake imepita. Mkono uliojua kubonyeza umestaafishwa, na pua iliyojua kunusa imenyamazishwa. Hata Uingereza waliliona kosa hili: Tesco ilianza mwaka 2018 kuondoa "bora kabla ya" kwenye aina nyingi za mboga na matunda, na Marks & Spencer ikafuata mwaka 2022 kwenye bidhaa zaidi ya 300. Ajabu ni kwamba sisi tunataka kuingia mlango ambao wenzetu wanatokea.

Hadi hapa inaweza kuonekana kwamba nimeshinda na mama yangu hana kosa. Uhakiki wa haki hauwezi kuishia hapo. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) inasema kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula katika maduka, mikahawa na majumbani, na kati ya hizo tani milioni 631 zilitoka majumbani. Jambo linalotuhusu zaidi ni hili: tofauti ya wastani kati ya nyumba za nchi tajiri na nyumba za nchi za kipato cha kati, hata zile za kipato cha kati cha chini, ni kilo 7 tu kwa mtu kwa mwaka. Tulizoea kusema kutupa chakula ni dhambi ya Wazungu. Takwimu hizi hazituruhusu kulala kwenye usemi huo.

Takwimu hizo nazo zinahitaji kusomwa kwa makini. Ndani yake mna maganda na mifupa, yaani hata visivyolika. Nyumba inayopika ndizi na maharage mabichi kila siku ina maganda mengi kuliko nyumba inayofungua kopo. Ripoti yenyewe inaeleza kwamba vijijini watu hutupa kidogo kuliko mijini, na moja ya sababu ni kwamba mabaki huenda kwa mifugo na kwenye mbolea. Hilo nalifahamu bila ripoti. Buraza ganda la ndizi halina muda wa kuwa takataka. Mbuzi anakuwa ameshalifikia.

Hata baada ya kupunguza maganda, bado tunapoteza, na hapa ndipo penye uchungu wa kweli. Sisi hatupotezi sana kwenye friji. Tunapoteza njiani. Nyanya hupakiwa kwenye vikapu virefu, za juu zikazikandamiza za chini, na kabichi hushindiliwa kwenye magunia hadi yapasuke. Katika miaka hii ya uhaba wa mafuta ya gari nchini, lori hushinda kwenye foleni na mzigo hushinda juani. Ukifika, mama anachambua: hizi za kuuza, hizi za kuuza bei ya chini jioni, hizi za kupika leo, hizi za mbuzi. Hasara yote inamwangukia yeye, na hakuna ripoti inayomuuliza.

Basi tatizo la mboga zetu ni chombo cha kusafirishia, kivuli na muda. Pakiti ya plastiki haigusi hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Kreti ngumu zisizozidi kina cha nyanya chache zingeokoa zaidi ya roli zima la plastiki. Soko lenye paa lingeokoa zaidi ya tarehe. Nyumbani, chungu ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa katikati, mbinu ambayo mwalimu Mohammed Bah Abba wa Nigeria aliieneza hadi akapewa Tuzo ya Rolex mwaka 2000, huhifadhi mboga bila umeme, hasa wakati wa kiangazi hewa inapokuwa kavu. Gitega haijawahi kukosa wafinyanzi. Batwa wamekuwa wakitufinyangia vyungu tangu enzi za mababu. Ufundi upo, udongo upo, ila hakuna aliyeuita teknolojia.

Kuna jambo la mwisho kuhusu amri yenyewe. Iliacha nafasi kwa vifungashio vinavyooza na kwa vile vya bidhaa za viwandani na dawa. Aliyenyang'anywa mfuko bila kupewa mbadala ni muuza lengalenga, ilhali biskuti ziliendelea kuvaa plastiki yake. Kama kuna malalamiko ya haki dhidi ya marufuku, ni hayo. Mama alirudia kufunga lengalenga kwa ugomba mkavu na kuzifunika kwa jani la mgomba lililonyunyiziwa maji, kama bibi alivyofanya. Alirudi bila msaada wa mtu yeyote.

Kwa kuhitimisha, hoja ya kwamba pakiti huokoa chakula ni kweli mahali penye baridi, kwa baadhi ya mboga, kwa safari ndefu. Ikiletwa kwetu bila masharti yake inageuka pambo. Wahenga walisema pia, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lengalenga za asubuhi zinajiuza kabla ya saa nne. Zile za jioni zinahitaji kivuli na jani bichi, na mtu wa kusema, "Mama, hizi nipunguzie, nitazipika leo leo."