Nani Kamruhusu Kupiga Yowe?

Kwa mtu aliyekulia Tarime na kupelekwa kwa shangazi Serengeti kila likizo, duma ni mnyama. Kwa Martin Khanja na Sam Karugu, vijana wawili wa Nairobi, Duma ni giza: ndiyo maana yake kwa Kikikuyu. Albamu yao ya kwanza, yenye jina hilohilo, ilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Niliisikiliza kwa mara ya kwanza ndani ya basi la kwenda Mugumu, hedifoni zikivujisha sauti, vumbi la Nyamongo likiingia dirishani.

Bibi niliyekaa naye akanigusa bega.

"Mjukuu wangu, huyo anachinjwa na nani?"

"Anaimba, bibi."

Akafikiri kidogo. "Na nani kamruhusu kupiga yowe hivyo?"

Sijapata swali bora la kuipimia albamu hii.

Mashabiki wa deth metali ya kiufundi hupima muziki kwa vidole: gitaa linakwenda kasi gani, noti ngapi zimepita bila kukosewa. Mfano wao mkubwa ni Onset of Putrefaction ya mwaka 1999, albamu ya kwanza ya Necrophagist wa Ujerumani. Ngoma zake zilipigwa na mashine, na kila kitu ndani yake ni safi kama meza ya daktari wa upasuaji.

Duma nao wanatumia mashine, ila yao ni kama imepandwa na hasira. Ngoma zinakimbia mpaka zinageuka mngurumo, na gitaa la Karugu linasikika kama bati linalokwaruzwa. Ufundi wao umehamia kooni. Khanja anashuka hadi kwenye kishindo cha kifua, kisha anapanda ghafla hadi kwenye ukelele mwembamba, na hapotezi pumzi wala mapigo. Ukisikiliza wimbo wa "Lionsblood" mara tatu utagundua kwamba mtu huyu hajashindwa kujizuia. Anajua hasa anachokifanya.

Hilo lilinigusa mahali pabaya. Kwetu Wakurya, mvulana hutahiriwa amesimama, mbele ya watu, na hatakiwi kutikisika. Alfajiri ya siku yangu, baba aliniambia neno moja tu: "Ukilia, umelia na mimi." Sikupepesa jicho. Nilisindikizwa nyumbani kwa nyimbo, na tangu siku ile nimezika watu wawili niliowapenda bila kutoa sauti. Niliita huo uanaume, na nilijivunia.

Yowe moja tu ndilo mwanamume wa kwetu anaruhusiwa: la ng'ombe walioibwa. Nalo lina ufundi wake. Lazima livuke bonde, limfikie mtu wa kilima cha pili, naye alipokee na kulipeleka mbele. Yowe lisilofika ni kelele tu.

Hapo ndipo ninapowadai Duma. Albamu yao haipumziki. Ikifika katikati, masikio yamezoea, na kishindo kilichokuwa kikitisha kinakuwa kama mashine ya kusaga nafaka ya jirani. Ingehitaji kimya mahali fulani, ili tusikie kama kuna mtu anaitikia.

Hata hivyo sitawaunga mkono wanaosema huu ni muziki wa Wazungu uliokodiwa. Nimemsikia ndani yake kijana wa Afrika Mashariki akitumia sauti yake yote, kwa nidhamu ileile niliyofundishwa kuifungia.

Kabla hatujashuka Mugumu, bibi aliomba hedifoni. Alisikiliza wimbo karibu mzima, amefumba macho, kisha akanirudishia taratibu.

"Ameibiwa nini?" akauliza.

Nikafungua mdomo nimjibu kuhusu Khanja. Nikagundua kwamba alikuwa ananitazama mimi.