Askari Arejeapo: Ukimya wa Boro na Mazungumzo ya Hamza

Utenzi umevitendea vita haki yake. Shaaban Robert alivitungia vita vya 1939 hadi 1945 utenzi mrefu, naye Henry Muhanika akavitungia vya Kagera wake, uliotoka mwaka 1981. Lakini utenzi wa vita hukoma vita vinapokoma. Askari mmoja mmoja, aliyerudi kwake na mguu mbovu na ndoto zisizompa usingizi, hana mahali katika umbo hilo. Mahali pake ni riwaya. Wako wahakiki ambao kwao Boro, katika Weep Not, Child (1964) ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, ni kielelezo cha mpiganaji wa msituni, basi. Kwa maoni yetu usomaji huo unamruka Boro mwenyewe.

Hebu tuitazame nyumba ya Ngotho. Jioni watu hukusanyika kusimuliana hadithi. Boro, aliyetoka katika vita vya pili vya dunia, hazijui sana ngano za jadi, na hadithi aliyo nayo haisimuliki. Hunywa, hunyamaza, na hutoboa neno akilewa au akiwa na chuki na serikali na walowezi. Nduguye Mwangi hakurudi. Huko mjini kinyozi naye husimulia vita hivyo hivyo kwa mbwembwe, wateja wakicheka. Wawili hawa hawakukutanishwa katika kitabu kimoja kwa bahati. Vita vya kinyozi vina wasikilizaji kwa kuwa havimdai mtu kitu. Vya Boro vinadai. Ndugu alifia nini? Ardhi iko wapi?

Tena Boro si mwathiriwa wa vita wa pekee humo. Ngotho alifyekeshwa misitu ili barabara za vita vya kwanza zipite. Howlands alikuja Kenya akivikimbia vita hivyo, na mwanawe Peter akafa katika vya pili, kama Mwangi alivyokufa. Tofauti ni kwamba Howlands alipata dawa, nayo ni shamba, shamba lenyewe likiwa ardhi ya akina Ngotho. Sisi tuishio Uasin Gishu hatuhitaji ufafanuzi mrefu: mpango wa 1919 wa kuwagawia ardhi askari wa Kizungu waliotoka vitani uliimega ardhi ya Wanandi hapa jirani. Boro hakupata dawa wala msikilizaji.

Hamza, katika Afterlives (2020) ya Abdulrazak Gurnah, apata vyote viwili kwa kiasi. Alikuwa askari wa Wajerumani, na jeraha lililomlemaza alilipata kwa upanga wa mkubwa wake mwenyewe, si wa adui. Arudipo pwani apewa chumba kwa Khalifa, kazi ya useremala, na hatimaye ampata Afiya, ambaye humsimulia vita vyake vipande vipande. Hakuna siku ya kupona. Kuna siku za kazi. Niliposoma mara ya kwanza niliilaumu riwaya kwa utulivu uliozidi. Lakini yuko mtoto. Ilyas mdogo huanza kusema kwa sauti isiyo yake, ikimwulizia mjomba wake, Ilyas mkubwa, aliyekwenda vitani asirudi. Shekhiya akaitwa kumpunga. Pepo huyo si ushirikina wa kuchekwa. Ndiyo lugha iliyokuwamo nyumbani mle ya kulitaja jeraha, na swali lake lajibiwa miaka mingi baadaye, Ilyas mdogo agunduapo huko Ujerumani kwamba mjomba alifia katika kambi ya Sachsenhausen.

Riwaya zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, ingawa Hamza na Afiya ni Waswahili katika kila neno walisemalo. Jambo hili latuhusu sisi wa idara za lugha. Karibu na mji huu wa Eldoret ipo kambi ya kijeshi ya Moi. Wengi wa waliouawa El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016 walitoka kikosi kilichoko humo, na ibada ya kuwakumbuka ilifanyika papa hapa mwezi huo huo. Waliorudi hai hawana ibada.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliniletea kisa alichokitunga juu ya baba arudiye kutoka Somalia. Kilikuwa na kurasa nne, na katika zote nne baba hakusema neno. Niliandika pembeni kwamba mhusika hakukuzwa vya kutosha, nikampunguzia alama. Nimemwomba anirudishie kisa kile nikisome upya.