Kumbe Limfu Inapiga Mbio!

Shoga, weka chini hicho kikombe unisikilize. Nimekesha! Nimekesha naangalia video ya mkono wa mtu, mkono mtupu kabisa, hauna pete wala hina, na nimeirudia mpaka simu ikaniunguza kiganja. Maana ndani ya mkono ule kuna vitu vinakimbia. Vinakimbia, yaani! Kitone cheupe kinachomoza karibu na vidole, kinasita kidogo, halafu paa! kinarushwa juu kuelekea kwenye kiwiko, na nyuma yake kingine, na kingine, vimejipanga vizuri, vitamu kutazama kama sisimizi wanaovuka njia.

Hiyo ni limfu, mpenzi. Yale majimaji tuliyofundishwa shuleni kwa sentensi mbili tukayasahau. Mimi nilidhani yanajichuruzikia tu. Kumbe mishipa yake inapiga! Ina misuli yake yenyewe, ina vilango vya kuzuia majimaji yasirudi nyuma, inajikaza na kujiachia bila kuuomba moyo msaada. Miaka yote hii natembea na pampu chungu nzima na sina habari nazo!

Wanachofanya watafiti ni hivi: wanachoma kidogo, kidogo mno, rangi ya kijani kwenye ngozi kati ya vidole, wanaimulika kwa mwanga usioonekana kwa macho, na kamera inaona kila kitu. Rangi yenyewe, indosianini, ilitoka kwa Kodak, ndiyo, walewale wa filamu za picha, miaka ya 1950! Na Kodak ni watu wa Rochester, jimbo la New York, mji uleule ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Rochester, akina Edward Schwarz na Lianping Xing, wanachungulia viungo vyenye baridi yabisi. Nilicheka peke yangu.

Na bado! Njoo kwenye panya, hapo ndipo nilipopiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Panya hawa wamepandikizwa jeni ya binadamu ya TNF, ile kemikali inayochochea uvimbe, kwa hiyo viungo vinaanza kuwauma polepole. Sasa kwenye uvungu wa goti kuna tezi ya limfu inayopokea majimaji ya pale. Goti likianza kuwaka, tezi inavimba, inanenepa, inabeba mzigo kama kuli wa bandarini. Miezi inapita, inavumilia. Halafu siku moja inanywea, pu! Mishipa inaacha kupiga. Na goti la upande huohuo ndilo linalochachamaa! La pili, kwa panya yuleyule, TNF ileile mwilini, linaweza kuwa bado linajikongoja vizuri tu kwa sababu tezi yake haijaanguka. Nilishika magoti yangu yote mawili.

Na unajua nani kaiziba njia ya limfu? Seli B! Askari wetu wenyewe! Wanatoka kwenye vyumba vyao ndani ya tezi, wanajazana kwenye njia za kupitishia limfu, wanabanana kama abiria mlangoni mwa daladala, hashuki mtu hapandi mtu. Na kuna seli nyingine zinaimwagia mishipa naitriki oksaidi, ikalegea, ikalegea, ikasahau kabisa kujikaza. Wakawapa panya dawa ya kuondoa seli B, njia ikafunguka, goti likapoa! Dawa ya jamii hiyo, rituximab, wagonjwa wa baridi yabisi kule Marekani wameruhusiwa kuitumia tangu 2006, na mimi siku zote nilijua inazima moto basi. Kumbe huenda inazibua na mtaro!

Haya, ngoja nipumue. Panya si watu, najua, usinikatize. Lakini na mikono ya watu wameipiga picha! Mkono wa mtu mzima wa afya unaipandisha rangi, unaimaliza, safi. Wa mgonjwa ambaye baridi yabisi imemchachamalia, rangi inazubaa palepale, inachelewa, na mishipa mingine huioni kabisa. Hapo nilinyamaza. Nilimkumbuka bibi, asubuhi za Lushoto, vidole vimemvimba hata mwiko haushiki, na sisi wote tunamwambia ni baridi tu bibi, jifunike. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza yale majimaji ya vidoleni yalitakiwa kwenda wapi.

Basi uje jioni, na uje na chaja yako maana yangu imekufa. Tutaanza na ule mkono wa mzima. Usipepese macho, subiri kitone cha tatu, ndicho kinachoruka juu kuliko vyote, na bado!