Maji Kwanza, Magari Baadaye

Barabara ikiwa nzuri hakuna anayeitaja. Abiria aliyepanda basi Mwanza alfajiri akashuka Musoma jua halijawa kali atalisifu basi, atamsifu dereva, atamshukuru Mungu. Lami aliyopita juu yake hataikumbuka. Itatajwa siku itakapoharibika, na itatajwa kwa laana. Naandika kuisifu kazi hiyo isiyosifiwa, kazi ya wahandisi na mafundi wa barabara, na naandika nikiwa na Nyasura akilini, kata ya mji wa Bunda, kwa kuwa huko mtu akitulia wakati wa mvua anaweza kuuona ufundi wote ukifanya kazi mbele ya macho yake.

Angalia kwanza nchi ilivyokaa. Mashariki kuna vilima, Balili kikiwa kimojawapo. Magharibi kuna ziwa, Ghuba ya Speke. Mvua ikipiga vilimani maji huteremka kulitafuta ziwa, tangu enzi na enzi. Barabara kuu nayo inatoka kusini kwenda kaskazini: inapita Lamadi, inaingia Bunda, inaendelea Kiabakari na Makutano, kisha tawi moja linakwenda Musoma na jingine Tarime hadi mpakani Sirari. Kwa hiyo barabara imelala ikikatiza mapito ya maji. Ni tuta refu la udongo, na tuta lisiloachiwa matundu hugeuka bwawa, na bwawa ambalo halikujengwa liwe bwawa mwisho wake ni kubomoka usiku mmoja.

Ndiyo maana mhandisi wa barabara anayejua kazi yake huanza kuwaza maji kabla hajawaza gari. Huuliza korongo hili hukusanya maji kutoka eneo la ukubwa gani, mteremko wake ni mkali kiasi gani, juu kule kuna majani au kumelimwa. Huuliza pia mvua kubwa ya namna inayokuja mara moja katika miaka 25 au 50 italeta mafuriko gani hapa. Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kipenyo cha kalavati na urefu wa daraja. Wasafiri hulijua daraja la Kirumi, linalovuka Mto Mara kwa anayekwenda Tarime, nalo linastahili kujulikana. Mimi ningependa tuyahesabu pia makalavati madogo yasiyo na jina, yanayopitisha maji chini ya magurudumu yetu bila sisi kushusha hata macho. Kila moja lina mtu aliyekaa na ramani, akapiga hesabu, akasema bomba la sentimita 60 halitoshi, wekeni la 90.

Zaidi ya miaka 200 iliyopita Mskoti mmoja, John Loudon McAdam, alikuwa akihangaika na jambo hilohilo. Mwaka 1816 alipewa usimamizi wa barabara za Bristol, Uingereza. Wengi wakati ule waliamini kwamba barabara hubebwa na mawe makubwa yaliyopangwa chini. McAdam alishikilia kwamba anayebeba mzigo ni udongo wa asili, mradi ubaki mkavu, na kwamba kokoto ndogo zilizovunjwa na kushikamana vizuri juu yake zinafanya kazi ya paa la nyumba: kuzuia maji yasiingie ndani. Sijasoma wazo jingine katika taaluma hii linaloeleza mengi kwa maneno machache kiasi hicho. Lami ilikuja baadaye, rola zikaja, mitambo ikaja, lakini msingi wa wazo lake haujatikisika.

Sasa udongo. Sehemu kubwa ya tambarare inayoizunguka Ghuba ya Speke, mpaka ndani ya Serengeti ya magharibi, ina udongo mweusi wa mbuga. Mkulima wa pamba anaupenda. Dereva anayekwenda na lori masika anauogopa, na fundi wa barabara ana haki ya kuuogopa zaidi ya wote. Kiangazi hupasuka nyufa unazoweza kuingiza mkono. Mvua ikinyesha huvimba na kuinuka, na chochote kilichojengwa juu yake huinuka nao, kisha hushuka nao ukikauka. Lami haivumilii mchezo huo. Hupasuka kwa urefu, kando kando, na maji yakishaingia kwenye ufa kazi ya kubomoa imeanza.

Dawa zake zinajulikana: kuuchimba na kuutupa, kisha kuleta kifusi kizuri, au kuinua tuta ili uzito wake uukandamize na maji yawe mbali, au kuchanganya na chokaa. Zote zina gharama, kwa hiyo kabla ya kuchagua lazima udongo upimwe, na upimaji huo ndio sehemu ya ufundi ninayoipenda kuliko zote. Fundi wa maabara huchukua sampuli ya udongo, huishindilia ndani ya chombo cha chuma tabaka tano, kila tabaka kwa nyundo ya kilo 4.5 inayoachiwa idondoke. Kisha hukizamisha chombo ndani ya maji kwa siku nne nzima. Juu huweka geji yenye sindano. Kwa moramu nzuri sindano hukaa pale ilipokuwa. Kwa udongo wa mbuga hupanda, kesho imepanda tena, na fundi anaandika. Siku ya nne anautoa, anaubonyeza kwa mchi wa chuma unaoingia polepole, kama milimita moja kwa dakika, na kusoma nguvu iliyotumika. Nguvu hiyo hulinganishwa na ile inayohitajika kwa kokoto bora iliyopewa 100. Kipimo hicho huitwa CBR, na kilianzia California miaka ya 1920.

Kwa nini siku nne majini, na si udongo mkavu kama ulivyotoka shimoni? Kwa sababu barabara hupimwa kwa siku yake mbaya. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999 umejengwa juu ya msimamo huo: udongo unaoitwa G15 ni ule unaofikia 15 baada ya kuloweshwa siku nne. Mwanasiasa anaweza kuzindua barabara kiangazi. Maabara imeshaipitisha masika kabla hata greda halijawashwa.

Kazini kwenyewe, maji hubadilika kuwa mshirika. Greda hutandaza kifusi, boza hupita likinyunyiza, rola hushindilia, tabaka la sentimita 15, kisha jingine juu yake. Maji yakipungua udongo haushikamani, yakizidi unateleza chini ya rola na haushindiliki tena. Fundi mzoefu huinama, huchota konzi moja, huifinya, hufungua kiganja. Tonge likimeguka vipande viwili vitatu safi likiguswa kwa kidole, huinua mkono na rola linaanza. Likivunjika unga, boza linaitwa. Maabara itakuja kuthibitisha, lakini kiganja kile kimeshatoa hukumu, na mara nyingi hukumu yake haipingwi.

Tabaka la juu kabisa nalo lina siri yake. Barabara ya lami haikulala bapa. Katikati imeinuka na pande zote mbili zinateremka kwa asilimia 2.5 hivi. Kwa njia ya upana wa mita 3.5, hiyo ni karibu sentimita 9 kutoka mgongoni hadi ukingoni. Jicho la abiria halizioni sentimita hizo. Tone la mvua linazijua: linashuka kwenye bega, linaingia mtaroni, linafuata mtaro hadi kalavatini, linakwenda zake ziwani. Kila hatua hapo ilipangwa na mtu.

Adui wa pili ni uzito, na hapa hesabu zinatisha. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa jimbo la Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio na kuwapa wanajeshi malori wayazungushe humo mchana na usiku. Matokeo yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hukua kwa kadiri ya uzito wake kuzidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 badala ya 10 imeongezewa sehemu moja tu ya tano, lakini inaiumiza barabara mara mbili. Ndiyo sababu ya mizani, na ndiyo sababu ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 iliyoweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima. Mfanyabiashara anayemhonga mtu wa mizani ili apite na tani za ziada anachukua fedha ya kila mwananchi anayenunua mafuta, maana tozo ya mafuta ndiyo inayojaza Mfuko wa Barabara.

Kuna jambo moja ninaloidai taaluma hii. Kwa miaka mingi barabara zetu zilipangwa kwa ajili ya lori na basi, na mtembea kwa miguu akafikiriwa mwishoni, kama alifikiriwa. Gari la kilomita 80 kwa saa hupita zaidi ya mita 50 katika sekunde mbili na nusu ambazo dereva anahitaji ili aone hatari na kufikisha mguu kwenye breki. Hajaanza hata kupunguza mwendo. Katika mji kama Bunda, ambako barabara moja ni ya malori ya kwenda Sirari, ya bodaboda, ya mama mwenye beseni la dagaa kichwani, ya mtoto wa shule na ya ng'ombe wanaokwenda kunywa maji, mita hizo ni uhai wa mtu. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi. Rasta, matuta, njia ya waendao kwa miguu na kivuko chenye taa viwemo katika mchoro wa kwanza, visisubiri msiba ndipo wananchi wafunge barabara.

Nasema haya kwa sababu naiheshimu kazi yenyewe. Lami ilipofika kati ya Bulamba na Kisorya, kilomita 51 za njia ya kwenda kivukoni kwa wanaokwenda Ukerewe, samaki wa huko na mgonjwa wa huko walisogea karibu na Bunda bila ardhi kusogea hata hatua. Sijui kazi nyingine ya mikono inayoweza kufanya hivyo.

Iliyobaki ni yetu. Wenzangu wa Nyasura, aliyejenga kibanda juu ya mtaro akisogeze. Takataka zisitupwe mtaroni, chupa za plastiki hasa. Mwenye kalavati mbele ya nyumba yake alizibue kabla mvua za vuli hazijaanza, na akikuta limejaa mchanga kupita uwezo wa jembe lake, atoe taarifa: kwa barabara kuu na ya mkoa TANROADS, kwa barabara ya mtaa TARURA.