Waliazima Maji, Hawakuazima Deni

Pasaka iliyopita nilikaa kwenye mabenchi ya makanisa matatu, zaidi ya venye nimekaa tangu niache chuo. Ijumaa Kuu nilikuwa Embu, kwa Waanglikana wa upande wa mama. Jumamosi usiku binamu yangu Mkatoliki alinivuta hadi kwenye mkesha, Meru mjini. Jumapili ilikuwa ya Wamethodisti wa baba, Imenti. Sikuenda kuokoka. Nilienda kwa sababu ukikosa kanisa Pasaka nyumbani utaulizwa, na mtu aliyeacha chuo hatafuti maswali ya ziada.

Mhubiri wa Ijumaa alikuwa mzuri, tuseme ukweli. Alijua lini anyamaze. Lakini mfano mmoja ndio uliobeba mahubiri yote: msalaba ni deni lililolipwa. Akasema ni kama unaamka asubuhi unapata Fuliza yako yote imefutwa na mtu usiyemjua, na ujumbe umeshaingia kwa simu. Watu wakacheka, wakaitikia amina. Sasa, mimi nina mkopo wa masomo wa digrii ambayo sina. Mfano huo ulistahili kunigusa kuliko mtu yeyote kwenye benchi letu. Haukunigusa, na nimekuwa nikijiuliza ni kwa nini.

Si kwamba ni mafundisho ya juzi. Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, aliyapanga kwa ustadi mwishoni mwa karne ya 11 kwenye Cur Deus Homo: binadamu ana deni la heshima kwa Mungu, hawezi kulilipa, basi Mungu anakuwa mtu ili alilipe. Wamisionari wa CMS walipofungua Kigari, Embu, mwaka 1910, na Wamethodisti walipoingia Meru miaka miwili baadaye, hesabu hiyo ilikuwa kwenye mizigo yao pamoja na vitabu vya nyimbo. Ina uzuri wake. Cucu yangu amezikwa akiiamini na sitamcheka.

Lakini deni ni jambo la watu wawili, anayedai na anayedaiwa. Likiisha, kila mtu anaenda zake. Halina safari ndani yake. Halina usiku, halina jirani aliyebeba mtoto wako. Unapewa risiti, basi.

Na Kiswahili chenyewe kinakataa. Kiingereza kina neno moja la sikukuu ya Wayahudi na lingine la ile ya Wakristo. Sisi tuna neno moja tu. Damu iliyopakwa milangoni Misri ni Pasaka, na Jumapili ya kaburi tupu ni Pasaka. Paulo alipowaandikia Wakorintho alimwita Kristo mwenyewe kwa jina hilo. Kwa hivyo mtu anayehubiri Pasaka kwa Kiswahili bila kumtoa mtu yeyote Misri anafanya kazi ngumu sana, hata kama hajui anaifanya.

Sasa njoo Meru, ambapo kisingizio hakipo kabisa. Kuna masimulizi ya wazee ambayo padri wa Consolata, Bernardo Bernardi, aliyaandika kwenye The Mugwe, a Failing Prophet (1959), na ambayo Jeffrey Fadiman aliyafuatilia kwa mapana kwenye When We Began There Were Witchmen (1993). (Hicho kichwa cha Fadiman, manze. Kitabu kizuri, jina la filamu ya kutisha.) Ameru walikuwa Mbwaa, mahali pa maji, chini ya Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowapa kazi zisizowezekana. Wakatoroka usiku. Wakafika kwenye maji, kiongozi wao akayapiga kwa fimbo, yakaachana. Waliovuka gizani ni Njiru, weusi. Wa alfajiri ni Ndune, wekundu. Waliokutwa na mchana ni Njeru, weupe. Koo zinapangwa hivyo hadi leo. Na kuna masimulizi ambamo, kabla ya maji kuachana, mtu alijitolea auawe ili wengine wapite.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena ukiwa umetoka kanisani Ijumaa Kuu.

Najua pingamizi: ati wazee walisikia kitabu cha Kutoka kwa wamisionari wakakichanganya na ya kwao. Wasomi wamebishana kuhusu hilo, na wengine wanaiweka Mbwaa pwani ya kaskazini ya Kenya, wengine Misri yenyewe. Mimi naona hata kama waliazima, hapo ndipo utamu ulipo. Angalia walichochagua. Waliazima maji, hawakuazima deni.

Jumamosi nilitoka Embu na matatu, nauli ya Pasaka, unajua venye huwa. Ukipita Chuka na Chogoria unashuka kwenye daraja la Nithi. Julai 2022 basi lilitumbukia pale, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hapo gari lilinyamaza. Makanga alizima muziki bila kuombwa. Mama mmoja nyuma akaanza kuomba kwa sauti, na tulipofika ng'ambo sote tukasema amina, hadi kijana wa tatuu. Ndiyo amina pekee niliyosema wikendi hiyo bila kuangalia nani ananiona.

Usiku, kwenye mkesha, moto uliwashwa nje, mshumaa ukaingia kanisani gizani. Masomo ya mkesha yanaweza kupunguzwa, lakini lile la bahari kugawanyika kanuni haziruhusu liachwe. Lilipofika, binamu yangu akaninong'oneza, “Si hiyo ni Mbwaa?” Padri alipopanda kuhubiri, akahubiri kuhusu familia.

Kuna mtoto wa Embu ambaye ningependa kubishana naye hapa: Jesse Mugambi, mwanatheolojia. Kwenye From Liberation to Reconstruction (1995) anasema theolojia ya Afrika imekaa Kutoka vya kutosha, ukoloni umeisha, sasa tumfuate Nehemia tujenge kuta. Nilikisoma mwaka wa pili, kikanipa nguvu. Sai kinanisumbua. Anayejenga ukuta ameshafika. Wengi wa rika langu bado tuko kwenye maji, na tukiambiwa tujenge tunatafuta ardhi iko wapi.

Jumapili jioni nilimuuliza baba sisi ni rangi gani.

“Njiru,” akasema. “Sisi tulivuka usiku.”

Tulivuka. Kama alikuwepo. Nikamuuliza kama amewahi kusikia habari hiyo kanisani, hata siku moja, hata Pasaka. Akafikiria, akamwaga majani ya chai yaliyobaki kikombeni.

“Kanisani? Hapana. Kanisani tunasoma Biblia.”