Mgongo wa Upinde ni Upi? Uhakiki wa Istilahi za Mwongozo wa Mwanagenzi

Istilahi mbovu katika kitabu cha nadharia humchosha msomaji. Istilahi mbovu katika mwongozo wa ufundi humjeruhi. Tunaanza na kauli hiyo kwa sababu mswada tunaouhakiki hapa ni wa aina ya pili. Ni mwongozo mfupi, uliofasiriwa kutoka Kiingereza, unaokusudia kumfundisha mwanagenzi namna ya kuchonga upinde wa mti mmoja. Mfasiri hatutamtaja, madhali kazi yake bado haijachapwa, na kusudi letu ni kupima maneno, si kupima watu.

Mswada una sifa zake. Sentensi zake ni fupi, hatua zimepangwa kwa utaratibu, na maonyo ya usalama yamewekwa mwanzoni badala ya kufichwa mwishoni kama ilivyo desturi ya miongozo mingi. Kasoro yake ni moja tu, lakini imeenea katika kila ukurasa: mfasiri ametafuta maneno katika kamusi ya Kiingereza na Kiswahili bila kutazama kifaa chenyewe.

Tuchukue kwanza pande mbili za upinde. Katika ufundi huu upande unaomwelekea mlengaji na upande unaoelekea shabaha si kitu kimoja, na tofauti yao ndiyo roho ya kazi yote. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti zilizo upande wa shabaha hunyooshwa, na zile zilizo upande wa mlengaji hubanwa. Kwa hiyo fundi hupunguza mti upande wa mlengaji peke yake. Upande wa shabaha huachwa na nyuzi zake zikiwa nzima toka ncha hadi ncha. Zikikatwa kwa tupa au kisu, kibanzi huinuka hapo, na upinde huweza kuvunjika mkononi na kumpiga mtu usoni.

Mswada umeziita pande hizo “mbele” na “nyuma”. Tuliwasomea kifungu hicho maseremala wawili wenye karakana hapa Ubungo, tukawaomba waoneshe kwa kidole upande ambao mwanagenzi ameambiwa asiuguse. Kila mmoja alionesha upande wake. Wa kwanza alidhani nyuma ni kule anakosimama mlengaji. Wa pili alidhani ni kule asikokuona. Wote wawili walikuwa na hoja, na mmoja wao angevunja upinde.

Dawa imo katika lugha yetu wenyewe. Tuseme “mgongo” na “tumbo”. Mtu akiinama, ngozi ya mgongo wake huvutika na ile ya tumbo hukunjika. Na upinde uliotiwa upote umeinama vivyo hivyo, tumbo likimwelekea mlengaji na mgongo ukielekea shabaha. Maneno haya hayahitaji maelezo marefu. Kila asomaye “usiukate mgongo, punguza tumbo” atajua mahali pa kuweka tupa yake hata kama hajapata kushika upinde maishani mwake.

Neno la pili ni gumu zaidi, nalo ni jina la kazi yenyewe ya kuufanya upinde upinde sawasawa juu na chini. Kiingereza hutumia neno tiller, na neno hilo ni mtego wa mitego mitatu. Zamani lilitaja kitako cha ule upinde wa Ulaya ulioshikwa kama bunduki. Baadaye likahamia kwenye mpini wa usukani wa chombo, ambao mabaharia wetu huuita kana. Neno jingine lenye sura hiyo hiyo hutaja machipukizi ya mpunga na ngano. La tatu hutaja mlimaji au kifaa cha kulimia, nalo limeingia nchini kwa jina la pawatila, hasa tangu kampeni ya Kilimo Kwanza ya mwaka 2009. Mfasiri wetu amenasa katika mtego wa kwanza, akaandika kwamba upinde “hutiwa kana”. Seremala hataelewa, na baharia ataelewa vibaya.

Pengine wasomaji wetu watapendekeza “kusawazisha”. Tumelipima neno hilo nalo, tukaliona halifai peke yake. Kwa seremala, kusawazisha ni kupitisha randa hadi ubao uwe na unene mmoja. Lakini mti haukui kwa kipimo cha rula. Sehemu yenye fundo au iliyokaribia shina huwa ngumu kuliko nyingine, na unene ulio sawa hauleti mpindo ulio sawa. Mwanagenzi anayesawazisha kwa maana ya randa atapata kipande cha ubao kizuri kwa macho, ambacho kikivutwa hupinda upande mmoja tu.

Tunapendekeza “kutia urari”. Neno urari si geni: walimu wa ushairi husema urari wa vina na mizani, na wachumi husema urari wa malipo. Katika matumizi yote mawili halina maana ya vitu kufanana kwa umbo, bali kuchukuana kwa vitu viwili hadi kimoja kisikilemee kingine. Hivyo ndivyo fundi anavyotaka. Huanza kwa kukandamiza ncha ya upinde ardhini ili auone mpindo wake. Kisha hutia upote mrefu, huuweka upinde juu ya gongo lililokatwa mikato, na huuvuta kidogo kidogo huku akiutazama kwa mbali. Mahali pasipopinda hupatia alama ya mkaa na kupakwangua upande wa tumbo. Mahali panapopinda kupita kiasi hapaguswi kabisa. Kila baada ya kukwangua huuvuta upinde mara kadhaa, ili mti uyapokee mabadiliko, kabla ya kuongeza mvuto. Gongo lile tuliite “gongo la urari”, na mfasiri atapumzika.

Nusu mbili za upinde mswada umeziita “viungo”. Ni kosa la wazi, kwani kiungo ni mahali vitu viwili vinapoungana, na upinde wa mti mmoja hauna kiungo. Wako wanaosema “mikono”. Hatukubaliani nao, kwa sababu mkono wa sufuria ni mahali pa kushikia, na msomaji atadhani anaelezwa habari za mshikio. Tunapendelea “bawa la juu” na “bawa la chini”, maana mabawa hupinda pamoja na lazima yachukuane. Pale bawa linapokunjika mahali pamoja, mswada umeandika “bawaba”. Mwanagenzi atatafuta chuma cha mlango. Tuseme upinde “umefanya kiwiko”. Na upinde unaobaki umejipinda hata baada ya kuvuliwa upote, tuseme “umeota kibiongo”. Maneno haya mawili ni ya mwilini, kama mgongo na tumbo, na istilahi za ukoo mmoja hukumbukwa kwa urahisi.

Kuhusu nguvu, mswada unamtaka mwanagenzi atengeneze upinde wenye “uzito wa pauni 40”. Pauni 40 ni zaidi kidogo ya kilo 18, na mmoja wa maseremala wetu aliuliza ni nani atakayeubeba. Kipimo hicho si cha uzito wa kifaa, bali cha nguvu inayohitajika ili kuuvuta upote hadi umbali uliokusudiwa, aghalabu inchi 28, yaani sentimeta 71 hivi. “Nguvu ya mvuto” yatosha, mradi umbali wa mvuto utajwe pamoja nayo.

Ipo kasoro moja isiyo ya neno bali ya mambo. Mswada unamwagiza mwanagenzi afuate pete moja ya mwaka mgongoni mwa upinde. Agizo hilo limetoka katika nchi zenye majira ya baridi kali, ambako ukuaji wa mti husimama kila mwaka na kuacha alama. Miti mingi ya kwetu haina pete zilizo wazi, ingawa baadhi, kama mtiki, inazo. Mwanagenzi wa Kimara au Mabibo atazitafuta pete asizione, na mwishowe atauchuna mgongo bila kipimo. Hapa kufasiri kwa uaminifu ni kupotosha. Ingefaa aambiwe achague mche ulionyooka usio na mafundo, aondoe gome kwa uangalifu, na uso wa mti ulio chini ya gome auache kuwa mgongo. Baada ya hapo aukaushe kivulini bila haraka, kwa maana mti wenye unyevu huota kibiongo upesi.

Mfasiri asidhani kwamba ufundi huu hauna wenyewe. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi huchonga pinde zao hadi leo na kutumia kano za wanyama kuwa upote. Waliangulu, waitwao pia Waata, wa pande za Tsavo nchini Kenya, walijulikana kwa pinde ndefu zenye nguvu nyingi walizowindia ndovu. Katika Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, wilaya jirani ya Kinondoni, mtu hujionea jinsi mikono ya wananchi ilivyotengeneza nyumba na vifaa bila mwongozo wa kigeni. Lugha nazo zimehifadhi hazina. Neno uta, ambalo wingi wake wa kale ni mata, lina ndugu katika Kisukuma, Kikuyu, Kibemba na Kichewa. Upote, wano, kigumba, chembe, podo na ziaka yamo katika kamusi zetu. Hata hivyo mswada umeandika “kamba” mahali pa upote, “kijiti” mahali pa wano, na “mfuko wa mishale” mahali pa podo, kana kwamba Waswahili hawakupata kurusha mshale.

Utaratibu unaofuatwa katika uundaji wa istilahi unajulikana: kwanza Kiswahili chenyewe pamoja na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwishowe lugha za kigeni. Mswada huu umeufuata utaratibu huo kinyumenyume. Matokeo yake ni kwamba kijana wa Ubungo anayeelewa randa, tupa na patasi anafanywa mjinga mbele ya kifaa ambacho babu yake huenda alikichonga.

Kwa hiyo tunashauri mswada urudishwe kwa mfasiri pamoja na orodha hii: mgongo, tumbo, bawa la juu na la chini, mshikio, kutia urari, gongo la urari, kiwiko, kibiongo, nguvu ya mvuto, upote, wano na podo. Hatudai kwamba orodha imekamilika. Walimu na watumishi walioko mikoani, wanaosikia maneno bora kutoka kwa mafundi wenyewe, watuandikie ili yalinganishwe na haya kabla ya kusanifishwa. Ila sharti moja lizingatiwe na kila anayefasiri kazi ya mikono: istilahi isipelekwe kwa mpiga chapa kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya fundi aliyeshika kifaa, naye akaonesha kwa kidole, bila kusita, mahali inapopataja.